Mparachichi wa maua mengi, matunda haba

Swali: Mparachichi wangu hujaa maua, matunda hayafiki kumi. Uwanja ni mdogo, nifanyeje? – Msomaji, Mbagala

Jibu: Bebesha tawi la mti wa kundi jingine. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili, jike kwanza, dume baadaye. Kundi A, kama Hass, huwa jike asubuhi na dume alasiri ya kesho yake. Kundi B, kama Fuerte, huwa jike alasiri, dume asubuhi inayofuata, hivyo makundi hayo huchavushana. Chungulia maua asubuhi: yakitoa chavua, wako ni B. Omba kwa jirani kikonyo cha A, unene wa penseli, macho yamevimba lakini hayajachipua. Kibebeshe kwenye tawi la mti wako, kisha kaza kwa ukanda wa nailoni. Na tafadhali, usipulize dawa maua yakichanua. Nyuki ndio wafanyakazi wako.