Bei ya Mtandaoni na Bei ya Mlangoni

Swali: Kwa nini mzigo ulionunuliwa mtandaoni kutoka nje hufika Dar es Salaam ukiwa ghali kuliko bei iliyolipwa?

Jibu: Forodha haikadirii kodi kwa bei ya bidhaa peke yake. Kwa mzigo unaokuja kwa meli, msingi wa hesabu ni bei, nauli na bima kwa pamoja. Bidhaa ya shilingi 100,000 iliyosafirishwa kwa 40,000, bima ikiwemo, huhesabiwa kuwa 140,000. Ushuru wa asilimia 25, kiwango cha kawaida cha Afrika Mashariki kwa bidhaa nyingi zilizokamilika, ni 35,000. Kisha VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo ya 175,000, yaani kodi juu ya ushuru, na kufikisha 206,500. Tozo ndogondogo bado.

Nauli nayo ina mtego wake. Kampuni za usafirishaji wa haraka hulinganisha uzito wa mizani na ule wa ujazo, kisha hutoza ulio mkubwa. Boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 30, ujazo wake ukigawanywa kwa 5,000 kama ilivyo desturi yao, huwa kilo 12, hata kama ndani mna mito ya kilo mbili.

Hubaki ada ya wakala, gharama ya kubadilisha fedha kwenye kadi, na ya ghala mzigo ukichelewa kuchukuliwa. Kurudisha bidhaa isiyofaa ndiko ghali zaidi: nauli hulipwa upya, na ushuru uliokwisha kulipwa haurudi kirahisi.