Maji Ndiyo Dawa ya Kwanza Mtoto Aharapo

Katika nyumba nyingi, za mijini na za mashamba, liko wazo la zamani ambalo limewapotezea wazazi watoto wao. Wazo hilo ni kwamba mtu anayehara asipewe maji, maana maji yatamzidishia kuhara. Mama huona kwamba kila mtoto anywapo, baada ya kitambo kidogo huhara tena. Basi humnyima kikombe mpaka tumbo litulie. Nia yake ni njema, lakini tendo lenyewe ni la hatari, kwa kuwa humwondolea mgonjwa kitu kile kile anachokihitaji kuliko vyote. Yafaa kila mzazi aijue sababu yake, na ajue pia la kufanya nyumbani kabla ya kufika zahanati.

JINSI KUHARA KUNAVYOUA

Zaidi ya nusu ya uzito wa mtoto mdogo ni maji. Maji hayo ndiyo yanayoiwezesha damu kutembea, figo kusafisha mwili na ngozi kupoa wakati wa joto. Mtu aharapo au atapikapo, maji hutoka, na pamoja nayo hutoka chumvi za mwili. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 akipoteza lita moja, ataona kiu na uchovu tu. Lakini mtoto wa kilo 10 akipoteza lita hiyo moja, amepoteza sehemu moja katika kumi ya uzito wake wote, na maisha yake yamo hatarini. Damu hupungua, moyo hupiga mbio, mkojo hukoma, na mwisho mtoto hulegea asiweze hata kulia. Mambo hayo yaweza kutokea kwa muda wa siku moja au mbili, na kwa maradhi ya kipindupindu yaweza kutokea kwa saa chache.

Basi mara nyingi kinachoua ni ukavu wa mwili. Mtungi uliotoboka, mwenyewe akiacha kutia maji, hukauka upesi zaidi. Akiendelea kutia, maji hayatakwisha hata tundu lizibwe. Ndivyo ulivyo mwili wa mtoto anayehara.

KWA NINI CHUMVI NA SUKARI

Maji matupu ni bora kuliko kutokunywa kabisa, lakini peke yake hayatoshi, kwa sababu hayarudishi chumvi zilizopotea. Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani, Robert Crane, alieleza kwamba ukuta wa utumbo mwembamba hupokea sukari na chumvi kwa pamoja, mfano wa mlango wenye funguo mbili. Zikiisha kuingia hizo mbili, maji huzifuata. Jambo la kushangaza ni kwamba mlango huo huendelea kufanya kazi hata mtu anapokuwa na kipindupindu.

Mwaka 1968, katika mji wa Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu waliokunywa maji yenye sukari na chumvi walihitaji maji machache sana ya kutiwa kwa sindano mshipani. Kisha mwaka 1971 vita vya Bangladesh vilileta wakimbizi wengi nchini India, na kipindupindu kikaingia kambini. Huko Bangaon, Daktari Dilip Mahalanabis aliona maji ya sindano yamekwisha na wagonjwa wamelala chini kila mahali. Akaagiza chumvi na sukari vichanganywe, vikoroge katika mapipa, na jamaa za wagonjwa wenyewe wawanyweshe. Ilhali katika kambi kama hizo waliokufa walipata kufikia 30 katika kila wagonjwa 100, kwake walikuwa chini ya 4. Tangu hapo dawa hiyo imeenea ulimwenguni kote, na imeokoa watoto wasiohesabika.

NAMNA YA KUITENGENEZA

Dawa iliyo bora ni ile ya pakiti za ORS, zinazopatikana zahanati na katika maduka ya dawa. Ndani yake mna chumvi, sukari na vitu vingine ambavyo mwili hupoteza. Pakiti nyingine ni za lita moja, na nyingine ni za nusu lita; kwa hiyo lazima yasomwe maandishi ya pakiti kabla ya kupima maji. Pakiti yote hutiwa kwa mara moja, haifai kuigawa.

Ikiwa pakiti haipatikani, mzazi aweza kutengeneza dawa nyumbani hivi:

1. Anawe mikono kwa sabuni.
2. Atwae lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa mbili za nusu lita ni lita moja.
3. Atie vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu, visiwe na kilima.
4. Atie nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, nayo isawazishwe vivyo hivyo.
5. Akoroge mpaka vyote viyeyuke, kisha aonje. Maji hayo yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, yamwagwe, yatengenezwe mengine.

Hapa pana neno la kuangaliwa sana. Chumvi nyingi yaweza kumdhuru mtoto vibaya, na sukari nyingi huzidisha kuhara. Asiyekuwa na uhakika wa vipimo na ampe mtoto uji mwepesi, maji ya wali yenye chumvi kidogo, supu au maji safi, huku akitafuta pakiti. Watu wa pwani waweza kumpa madafu pia. Soda na chai yenye sukari nyingi hazifai. Dawa iliyotengenezwa hufunikwa, na ikibaki baada ya saa 24 humwagwa.

NAMNA YA KUMNYWESHA MGONJWA

Mtoto aliye chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hata 100 kila baada ya kuhara, yaani robo ya kikombe hata nusu. Mtoto wa miaka 2 hata 10 hupewa nusu kikombe hata kikombe kizima. Mkubwa zaidi hunywa kadiri apendavyo. Mtoto mchanga anyweshwe kwa kijiko, polepole. Akitapika, mama asikate tamaa. Angoje dakika 10, kisha aanze tena kwa kijiko kimoja kila baada ya dakika 2 au 3.

Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko siku zote. Mtoto alaye naye asinyimwe chakula, maana njaa humdhoofisha. Zahanati hutoa pia vidonge vya zinki, ambavyo hupunguza siku za ugonjwa: miligramu 10 kila siku kwa mtoto asiyetimiza miezi 6, na miligramu 20 kwa aliyepita umri huo. Hutolewa kwa siku 10 hata 14, hata kama kuhara kumekwisha koma. Dawa za kufunga tumbo zisipewe watoto, wala dawa za kuua vijidudu zisitumiwe bila amri ya mganga.

DALILI ZA HATARI

Mgonjwa na apelekwe hospitali bila kukawia, akinyweshwa njiani, iwapo:

– macho yameingia ndani, au mtoto hulia bila machozi;
– ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole;
– hakojoi, au amelegea na kusinzia mno;
– hawezi kunywa, au hutapika kila kitu;
– choo kina damu, au ana homa kali;
– choo ni maji matupu, mengi, kama maji ya kuoshea mchele.

KUZUIA NI BORA

Kuhara huingia kwa kinywa, kwa njia ya maji machafu, mikono isiyonawiwa na inzi watokao chooni. Kwa hiyo choo kizuri, maji yaliyochemshwa na sabuni ni ulinzi wa nyumba yote. Tena, tangu mwaka 2014 watoto wachanga wa Kenya hupewa chanjo ya rotavirusi, ambayo ni adui mkubwa wa matumbo yao. Mzazi asiikose siku ya chanjo.

Lakini ugonjwa ukiisha kuingia, kazi ya kwanza si ya daktari bali ni ya yule aliye karibu na mtoto. Sukari, chumvi, kijiko na maji safi vimo katika nyumba nyingi. Mzazi na avishike mapema, wala asingoje mpaka mtoto azimie. Haba na haba hujaza kibaba.