SOMO LETU: KIKOHOZI NACHO KIANDIKWE

Ndugu wafanyakazi,

Leo tujifunze jinsi kompyuta za hospitali zinavyoweza kutuonyesha mapema kwamba homa ya mafua imeanza kuenea. Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Rumonge na wa kando ya Ziwa Tanganyika.

Wavuvi wetu hutoka jioni na taa zao, hukesha ziwani bega kwa bega, na alfajiri hurudi mwaloni penye wanunuzi na wachukuzi. Mmoja akiwakoholea wenzake usiku, baada ya siku mbili tatu chombo kizima kinaweza kukosa watu. Na siku bila kazi ni siku bila chakula.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: joto la mwili nyuzi 38 au zaidi, pamoja na kikohozi, ugonjwa ukiwa umeanza katika siku 10 zilizopita. Muuguzi akiandika hayo, kompyuta hujumlisha wagonjwa wa kila juma na kulinganisha na majuma yaliyopita. Hesabu ikipanda ghafla, waganga hushtuka, wakapima makamasi ya wagonjwa kadhaa katika maabara ili wajue ni ugonjwa gani. Nchini Burundi hesabu za vituo vya afya hukusanywa kwa programu iitwayo DHIS2, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway.

Lakini mashine haijui lisiloandikwa. Kwetu malaria ni nyingi. Mtu akifika husema "nina homa" basi, na kikohozi kinasahauliwa. Wengine hununua vidonge dukani wakarudi ziwani. Hao hawamo katika hesabu yoyote.

Kwa hiyo, tukifika kwa muuguzi tueleze mambo matatu:

1. Dalili zote, hata kikohozi kidogo.
2. Siku ugonjwa ulipoanza.
3. Tunakokaa, tunakofanya kazi, na wenzetu wangapi wanaumwa.

Wako wanaouliza: "Je, tajiri akijua, si atanifukuza?" Swali hilo ni la haki. Hesabu ya juma huhitaji idadi ya wagonjwa, si majina yao. Faili ni siri ya mgonjwa na mganga wake, na si ya tajiri kuisoma. Anayefukuzwa kwa sababu ya kuugua, aje chamani upesi tumtetee.

Ndugu, ugonjwa uliofichwa na mmoja huwalaza kumi. Tuseme mapema, tupone pamoja.

Umoja ni nguvu!