CHOYA: UA LA BUSTANI NA CHAKULA CHA NYUMBANI



Huenda umesikia habari za mmea wa Ulaya uitwao atichoki, ambao kitumba chake huliwa kabla hakijachanua, nawe ukatamani kuupanda Ifakara. Mmea huo hupenda baridi. Ifakara iko chini ya futi 1,000 juu ya bahari, na joto letu hufanya vitumba vifunguke upesi na kuwa vigumu. Basi usipoteze fedha yako. Tunao mmea wa Afrika upambao uwanja na kulisha nyumba vilevile, nao ni choya. Wasudani na Wamisri huuita karkade.

1. MBEGU. Choya ya kula ina matawi mengi na vikombe vinene. Iko nyingine ndefu, yenye matawi machache, ipandwayo kwa ajili ya nyuzi, hiyo haifai. Chukua mbegu katika mmea uliouona mwenyewe ukizaa.

2. MAHALI. Mbuga za Kilombero uuachie mpunga, kwa kuwa choya haistahimili maji yaliyotuama. Ipande mahali palipoinuka, karibu na nyumba, penye jua la kutwa. Usiifuatishe baada ya bamia au nyanya, maana minyoo midogo iletayo vinundu mizizini hubaki udongoni. Samadi kidogo yatosha. Ikizidi, utapata majani mengi na vikombe vichache.

3. WAKATI. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Mwaka mmoja kazi ya mpunga ilinichelewesha, nikapanda choya mwezi wa Aprili. Ikachanua ikiwa haijanifika kiunoni, na mavuno yote hayakujaza kikapu kidogo. Kosa halikuwa la mvua. Choya huchanua siku zinapokuwa fupi, hata kama mmea ungali mdogo. Ukiipanda Desemba, itakua katika miezi ya siku ndefu, na saa ya kuchanua itakuta mmea wenye kimo cha mtu na matawi mengi.

4. KUPANDA. Tia mbegu tatu katika kila shimo, kina cha nusu inchi, na kutoka shimo hata shimo futi tatu. Mimea ifikapo urefu wa shibiri, acha mmoja ulio na nguvu. Ile unayoing'oa usiitupe. Majani yake machanga ni mboga yenye ukali mzuri. Palilia mpaka matawi yafunike ardhi.

5. KUCHUMA. Ua ni la manjano hafifu, lenye moyo mwekundu wa giza. Hufunguka asubuhi na kunyauka siku ile ile. Usisikitike, kwa kuwa kinacholiwa si ua, bali kikombe chekundu kibakicho na kunenepa. Kichume wiki mbili au tatu baada ya ua kunyauka, kikingali laini na kikivunjika kwa mkono. Ukichelewa kitakuwa kama kuni. Chuma mara kwa mara, na mmea utazidi kuzaa.

6. KUTUMIA. Toa tumba la mbegu lililo ndani, kisha anika vikombe kivulini juu ya mkeka ulioinuliwa mbali na vumbi. Kilo 10 mbichi hutoa karibu kilo 1 kavu. Chemsha katika chungu cha udongo, wala si katika sufuria ya alumini, kwa kuwa ukali wa choya hula madini hayo. Maji yake na sukari ni kinywaji chema. Vikombe vibichi vikipikwa na sukari huganda vikawa jemu.

7. JIRANI YAKO. Choya na pamba ni ndugu wa jamaa moja, tena wana adui mmoja: kangambili, mdudu mwekundu achafuaye pamba. Mashina ya zamani yenye matumba makavu humpa chakula mpaka pamba ya jirani ikomae. Kwa hiyo, ukisha kuchuma na kuweka mbegu, ng'oa mashina yote uyachome. Mwenye kuacha mashina yake yasimame hula choya yake mwenyewe, lakini jirani ndiye alipaye gharama.

Anza na mashimo kumi tu mbele ya nyumba. Wapitao njiani watakapouliza jina la ua lile, wape mbegu, na pamoja na mbegu uwape fundisho hili la mwisho.