Jibu la Mtoto Lina Habari: Somo kwa Wote Wafundishao Watoto



Mtoto wa darasa la tatu amepewa hesabu hii: 52 kutoa 38. Ameandika 26. Mwalimu ametia alama ya kosa kwa wino mwekundu, na kando yake ameandika, "Ongeza bidii." Hesabu inayofuata ni 73 kutoa 45, na mtoto ameandika 32. Kosa tena. Hata kufika chini ya ukurasa, hesabu zote za namna hiyo zimekosewa, na mtoto amekwisha kupata jina lake: mzito.

Hebu tuutazame ukurasa ule mara ya pili. Katika hesabu ya kwanza, kwenye mamoja kuna 2 juu na 8 chini. Tangu darasa la kwanza mtoto ameambiwa kwamba kikubwa hakitoki katika kidogo. Basi akageuza: akatoa 2 katika 8, akapata 6. Kwenye makumi akatoa 3 katika 5, akapata 2. Ndiyo 26 yake. Ukiijaribu ile ya pili kwa njia hiyo hiyo utaipata 32 bila shida. Mtoto huyu hakubahatisha, wala hakuwa mvivu. Anayo kanuni, na ameifuata kwa uaminifu ukurasa mzima. Kumwambia aongeze bidii ni kumwambia aishike kanuni yake mbovu kwa nguvu zaidi.

Kosa hili linajulikana sana kwa watu wanaochunguza jinsi watoto wanavyojifunza hesabu, nalo limeandikwa vitabuni kwa miaka mingi. Mwalimu aliyepata kusoma habari zake hulitambua mara moja. Humpa mtoto vijiti vilivyofungwa kumi kumi, humwambia afungue kitita kimoja, na pengine kabla kengele haijalia jambo limekwisha. Mwalimu asiyesoma anaweza kuwa mpole, mwenye kuwahi kazini na mwenye kuwapenda watoto, na bado akamrudisha yule mtoto nyumbani akiamini kwamba hana akili. Ndiyo maana somo letu la mwezi huu linahusu kusoma kwa mwalimu. Nasema mwalimu, nami nawakusudia pia wale vijana wanaofundisha Shule ya Jumapili, na akina mama na akina baba, na hasa bibi na babu ambao siku hizi wanalea wajukuu.

Mtu aliyetufungua macho kuhusu makosa ya watoto ni Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1896 akafa mwaka 1980. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alipokuwa bado kijana, alipata kazi mjini Paris ya kuwapima watoto wa shule kwa mtihani wa kufikiri uliokuwa umetungwa Uingereza. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha: kuuliza, kuhesabu majibu sahihi, kuandika. Lakini Piaget aliona kwamba watoto wa umri mmoja hukosa kwa namna moja. Akaacha kuhesabu majibu sahihi, akaanza kuzungumza nao ajue walifikaje kwenye yale yasiyo sahihi. Kazi yake ya maisha yote ilitoka humo.

Kipimo chake kimoja kinajulikana duniani kote, na mtu yeyote anaweza kukifanya mezani. Panga maharage sita katika mstari, na mengine sita katika mstari wa pili mbele yake, moja kwa moja. Muulize mtoto wa miaka minne au mitano, "Ipi ina maharage mengi, au ni sawa?" Atasema ni sawa. Kisha mbele ya macho yake tandaza mstari mmoja uwe mrefu zaidi, umuulize tena. Wengi watasema ule mrefu sasa una mengi. Piaget alifundisha kwamba akili ya mtoto mdogo hushikwa na kile ajionacho, na kwamba hata kufika miaka saba hivi ndipo wengi hutambua kuwa idadi haibadiliki kwa kutandazwa.

Nimewaona walimu wengi walioishia hapo. Wakiwa chuoni walijifunza hatua za Piaget kwa moyo, wakazijibu katika mtihani wa mwisho, wakazifunga sandukuni pamoja na cheti. Miaka ishirini baadaye bado husema, "Mtoto wa umri huu hawezi," kana kwamba neno hilo limechongwa katika jiwe. Lakini elimu ya mtoto haikusimama ikiwangoja.

Katika miaka ya 1970, huko Edinburgh, Scotland, James McGarrigle na Margaret Donaldson walikirudia kipimo kile kwa hila ndogo. Badala ya mtu mzima kuvuruga mstari, mwanasesere mwenye umbo la dubu alitoka katika sanduku lake akauvuruga kama mtundu. Mtoto alipoulizwa tena, watoto wengi kuliko kwanza walijibu kwamba idadi ni ile ile. Donaldson aliyaeleza hayo kwa watu wote katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya akili za watoto. Mtoto hasikilizi maneno ya swali peke yake. Humtazama na muulizaji, ajue anataka nini. Mtu mzima akiuliza, akapanga upya vitu kwa makusudi, kisha akauliza tena swali lile lile, mtoto hudhani anatakiwa kubadili jibu.

Jambo hili hutokea kwetu kila siku. Mwalimu huuliza, "Saba mara nane?" Mtoto asema, "Hamsini na sita." Mwalimu akunja uso: "Una hakika?" Mtoto asema, "Hamsini na nne." Alijua. Aliliacha jibu lake kwa sababu aliusoma uso wa mkubwa, naye amefundishwa nyumbani kuuheshimu uso huo.

Hapo twafika mahali ambapo vitabu vya Ulaya peke yake havitoshi, nasi tungepaswa kupasoma kwa bidii zaidi. Mnamo miaka ya 1970, Wamarekani wawili, mtu na mkewe, Charles Super na Sara Harkness, walikaa katika kijiji cha Kokwet, kwa Wakipsigis wa Kenya. Waliona kwamba watoto wachanga wa pale huwahi kukaa na kutembea kuliko wa Marekani, lakini hawawatangulii katika kutambaa. Sababu haikuwa damu. Akina mama walikuwa wakiwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi kabisa, na kutambaa hawakukufundisha. Mama wa Kipsigis ni mwalimu mwenye mpango wake, ijapokuwa hakuna aliyempa cheti.

Jambo la pili waliloliona ndilo linalotuhusu sana. Mtoto mdogo wa Kokwet aliposimuliwa hadithi fupi na mtu mzima, kisha akaambiwa aisimulie, mara nyingi alinyamaza. Mpimaji mwenye haraka angeandika sifuri. Lakini katika malezi ya pale, mtoto mbele ya wakubwa hufunzwa kusikia, kuelewa na kutenda anayoagizwa. Kujieleza kwa maneno mengi mbele yao si tabia njema. Mtume mtoto huyo huyo dukani na maagizo matatu, naye atarudi na vitu vitatu na chenji kamili. Huyo hasahau hadithi. Ananyamaza kwa adabu, na sisi twaandika kwamba hajui.

Na huko Zambia, Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza, akaichapisha kazi yake mwaka 1979. Walitakiwa kuiga maumbo waliyoonyeshwa. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza waliwashinda Wazambia. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawa. Kwa waya, watoto wa Zambia waliwashinda Waingereza. Kila mmoja wetu aliyemwona mtoto akisukuma gari la waya lenye usukani na magurudumu yanayopinda ataelewa mara moja. Lakini shule hutoa maksi kwa kalamu, na mhandisi wetu mdogo hukaa kiti cha nyuma.

Niliyataja hayo mara nyingi mbele ya wanachuo wangu, na kila mwaka alitokea mmoja aliyeuliza, "Sasa, Mwalimu, tumfuate nani, Piaget au hawa waliomsahihisha?" Swali hilo ni zuri. Mimi huona kwamba yafaa kumsoma Piaget kwanza, maana ndiye aliyetufundisha kuuliza, "Umejuaje?" Kisha wasomwe waliomfuata, maana wametufundisha kwamba hata namna ya kuuliza inaweza kumpotosha mtoto. Msomaji wa kitabu kimoja ana hatari ya kukifanya kitabu chake kuwa sheria.

Wengine husema kwamba walimu wetu hawana desturi ya kusoma. Mimi sikubali. Kanisa letu lenyewe lina ushuhuda: mwaka 1888 pale Kiungani, Unguja, lilianza kuchapwa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, na waliolisoma walipata habari za kazi za wenzao katika vituo vya mbali. Na karibu na sisi zaidi, baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, Tanzania ilipotaka kuwaingiza watoto wote shuleni ifikapo 1977, vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundisha sehemu ya siku, na sehemu iliyobaki wakajifunza ualimu kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Walimu zaidi ya 35,000 walipatikana kwa njia hiyo. Watu waliwacheka, wakawaita walimu wa UPE kama kwamba ni tusi. Nilipoanza kufundisha chuoni, baadhi yao walikuwa wakija kuongeza daraja, nami niliwaona kwa macho yangu. Wako waliofunga vijitabu siku ile walipopata cheti. Wako na wengine waliovihifadhi kwa kamba, wamepigia mistari, na pembeni wameandika, "Nimejaribu hili, halikufaa darasa kubwa." Hao wa pili wangeweza kumfundisha mkufunzi.

Sitaki kuficha ugumu. Vitabu vizuri juu ya ukuaji wa mtoto vilivyoandikwa kwa Kiswahili ni vichache, na mwalimu mwenye watoto themanini darasani hufika nyumbani jioni amechoka, na madaftari bado yanamngoja. Siku hizi serikali ya Tanzania ina mpango uitwao MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao unawataka walimu wakutane shuleni mwao katika Jumuiya za Kujifunza. Ni mpango mwema. Lakini kukutana bila jambo lililosomwa huishia kwenye habari za mishahara na uhamisho, na hiyo si jumuiya ya kujifunza, ni baraza. Sharti mmoja afike na ukurasa mkononi.

Ninashauri hivi kwa parokia yetu. Wako kati yetu wanaosoma Kiingereza vizuri. Mmoja asome sura moja tu kwa mwezi, awasimulie wenzake kwa Kiswahili chepesi kwa nusu saa, baada ya ibada. Asisome kwa sauti kama hotuba. Asimulie jambo lililochunguzwa, aseme lilichunguzwa wapi na kwa watoto gani, kisha wengine waseme kama ndivyo walivyoona kwa watoto wao au la. Mkulima ambaye hakupita darasa la nne anaweza kuwa na neno la maana hapo kuliko mimi, maana amelea watoto tisa. Na kila mtu aliyehudhuria ajaribu jambo moja kabla ya mwezi ujao. Kitabu cha ualimu kisichojaribiwa ni kama dawa iliyobaki kwenye chupa.

Walimu wa Jumapili wana nafasi nzuri kuliko wote, kwa sababu hawana mtihani wa taifa unaowakimbiza. Watoto wetu hujibu Katekisimu kwa sauti moja, kwa utamu kama kwaya, nasi twafurahi. Jumapili ijayo, wakiisha kujibu, mchukueni mtoto mmoja kando, kwa upole, mkamwombe aeleze neno moja tu kati ya aliyoyasema, kwa maneno yake mwenyewe. Akinyamaza, kumbukeni watoto wa Kokwet: mpeni mtoto mwenzake amweleze, nanyi msikilize mkiwa mbali kidogo.

Na kwa sisi sote, wazazi kwa walimu, jaribio la mwezi huu ni lile la maharage. Chukua kumi na mawili, mtafute mtoto wa miaka minne, mitano au sita, ufanye kama nilivyoeleza hapo juu. Siku nyingine fanya tena, lakini safari hii mwombe mtoto mwingine aje auvuruge mstari kwa mchezo. Usimsahihishe wala usicheke. Muulize tu, "Umejuaje?" kisha uandike jibu lake kwenye karatasi, neno kwa neno, pamoja na umri wake, bila jina. Karatasi hizo zipokewe mlangoni na mzee wa kanisa wa zamu, nasi tutazisoma pamoja katika mkutano wetu wa kwanza.