Somo: Kiti gani tujaze kwanza?



Mara nyingi komite iko na kazi tatu ao ine zisizo na mtu, na pesa inatosha kuajiri mmoja tu. Njo hapo mabishano yanaanza. Programu za kuajiri watu, zile za kwenye ordinatere, ziko na nafasi ya kuandika daraja la kila kazi. Lakini programu haijui kahawa yenu. Daraja munaliweka nyinyi wenyewe. Umeme ukikosekana, daftari linatosha.

Muulize ulizo moja: kiti hiki kikibaki wazi wiki moja, wanamemba wanapoteza nini?

Daraja 1: mazao ao pesa inapotea mara moja.
Daraja 2: hasara inakuja polepole, mtu mwingine anaweza kushika kazi kwa mwezi mmoja.
Daraja 3: inaweza kungoja mpaka kisha mavuno.

Mfano. Tuseme koperative ya kahawa kule Mahagi inaanza mavuno. Inakosa meneja, kontable, shofere na mupimaji wa kwenye mizani. Wengi watakimbilia meneja, juu ni kazi yenye jina kubwa. Lakini kahawa nyekundu inafaa kumenywa siku ileile inapochumwa. Ikilala, inachacha na bei inashuka. Mama aliyebeba mzigo wake toka mlimani akikosa mupimaji, atauzia mnunuzi wa njiani kwa bei yoyote. Basi mupimaji ni daraja 1. Meneja na kontable ni daraja 2, kama wanakomite wawili wanatia sahihi pamoja kwa kila pesa inayotoka. Shofere ni daraja 3, kama gari la kukodi linapatikana.

Mujihazari na makosa haya matatu:

1. Kuandika daraja 1 kila mahali. Kama zote ni za kwanza, hakuna ya kwanza.

2. Kupandisha kazi juu mpwa wa mukubwa fulani anaingoja. Daraja ni la kazi, si la mtu. Hata kazi ya haraka itangazwe, na wote waulizwe maulizo yaleyale.

3. Kuliacha daraja bila kuliangalia tena. Mavuno yakiisha, mupimaji anashuka na kontable anapanda. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ya mwaka 2010, inataka hesabu ifike mbele ya mkutano mkuu katika miezi 6 kisha mwaka kufungwa. Karatasi zikiwa zimechanganyika, wanamemba watajuaje faida yao iko wapi?

Zoezi: Katika mkutano unaokuja, muandike viti vyote vilivyo wazi. Pembeni ya kila kimoja muandike daraja, sababu kwa maneno machache, na tarehe ya kukiangalia tena. Kisha mubandike karatasi hiyo kwenye mlango wa depo, kila mwanamemba aisome.