Zamu au Kipaumbele? Tatizo la Istilahi katika Programu-jalizi

Makala haya yanajadili istilahi ambayo tafsiri yake huweza kumpotosha msomaji ijapokuwa ni Kiswahili sanifu. Katika WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui uliotolewa mwaka 2003, programu-jalizi hujiandikisha kungojea tukio fulani, mathalani kuonyeshwa kwa andiko. Baadhi huarifiwa tu kwamba tukio limefika. Nyingine, yaani vichujio, hukabidhiwa maudhui yenyewe na hulazimika kuyarejesha. Kichujio kisichorejesha kitu humwachia msomaji ukurasa mtupu. Zinapongojea tukio moja programu-jalizi kadhaa, kila moja huwa na namba. Isiyotajiwa namba huhesabiwa kuwa na 10, na namba ndogo hutangulia.

Tafsiri nyepesi ya jina la namba hiyo ni "kipaumbele". Mwenye kipaumbele, kwa mazoea ya lugha, ndiye ambaye neno lake hushinda. Lakini kichujio chenye 5 hutangulia kuyagusa maudhui, na chenye 20 huweza kuyabadili tena. Basi mwanafunzi aliyeipa namba 5 programu-jalizi ya kusafisha maandishi yenye msimbo hatari, akidhani ameipa mamlaka, ameacha bila ulinzi chochote kitakachoongezwa na wale wa nyuma.

Wilayani Same, katika Milima ya Upare, wakulima wana ndiva: mabwawa madogo ya jadi yanayokusanya maji, hasa usiku, kisha yakafunguliwa kwenda mashambani kwa mifereji. Maji hayo hugawanywa kwa zamu. Neno "zamu" hutaja mfuatano tu, wala halidai kwamba wa kwanza ni mkubwa. Kwa WordPress linafaa zaidi. (Mfano huu usivutwe mno: mkulima hufurahia zamu ya mwanzo, ilhali kichujio cha mwisho ndicho chenye kauli.)

Hata hivyo, "zamu" haiwezi kuenezwa kila mahali. Drupal, tangu toleo la 8 la mwaka 2015, hutumia utaratibu wa matukio wa Symfony, ambamo namba kubwa ndiyo hutangulia. Humo kusema "zamu ya 20" hutangulia "zamu ya 5" ni kuivunja maana ya neno, na "kipaumbele" hurudi kuwa na nafuu. Kamusi ya istilahi itahitaji vidahizo viwili, kila kimoja kikitajiwa mfumo wake.